Msharika Mwenye Maswali: Jina la Imani Isiyoikana Shaka

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wachungaji, walimu, wanafunzi wa theolojia na wananchi waalikwa. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa. Maneno ya papo kwa papo yameachwa yalivyo.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, Baba Askofu mstaafu, wachungaji na mapadre, masista, walimu wenzangu, wanafunzi mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, mabibi na mabwana.

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum!

Ahsanteni. Mmeona mlivyonirahisishia kazi? Kabla sijataja hata mada, kila mmoja ameshajitaja kwa namna alivyoitikia. Upande wa kushoto ni Wakatoliki, nimewasikia vizuri. Na hapa mbele kuna wawili watatu ambao hawakuitikia hata salamu moja kati ya hizo tatu. Ninyi nawakaribisha kwa namna ya pekee, kwa sababu mada ya usiku huu ni yenu zaidi kuliko ya wengine.

Swali nililopewa ni fupi. Mkristo ambaye shaka ni sehemu ya imani yake, siyo homa anayoisubiri ishuke, ajiite nani? Simzungumzii mtu aliyeiacha imani. Huyo ana jina lake, na aheshimiwe kwa jina hilo. Wala simzungumzii asiyejali. Namzungumzia mtu anayekuja ibadani, anayetoa bahasha yake ya ahadi, anayeimba sauti ya pili kwaya, anayesali kabla ya kulala. Na ukimuuliza faraghani kama ana hakika kwamba yupo anayemsikia, atakwambia kuna siku anayo hakika hiyo na kuna siku hana, na kwamba hatarajii hali hiyo iishe. Watu hawa wapo. Kila mchungaji aliyemo humu anawajua, na nathubutu kusema baadhi ya wachungaji wanawajua kutoka ndani kabisa.

Nia yangu ni kuyapitia majina ambayo mtu huyu anaweza kuyachukua, nionyeshe kila moja lilitoka wapi na linamgharimu nini mwenye kulibeba, kisha nipendekeze moja. Nawaonya mapema: nitakalolipendekeza si jipya. Mnalitumia kila Jumapili.

HOJA YA KWANZA: Kwetu, jina la dini si mali ya mtu mmoja

Serikali ya Tanzania haijawauliza wananchi dini zao katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Ni uamuzi wa busara na sitaki kuujadili hapa. Lakini pale serikali iliponyamaza, wengine wote wanauliza. Fomu ya shule inauliza. Fomu ya hospitali inauliza. Wakwe wanauliza, tena mapema. Na siku ukifa, kabla jeneza halijanunuliwa, mtu atatumwa kwa mzee wa kanisa kuuliza kama marehemu alikuwa msharika hai. Daftari litafunguliwa. Bahasha zitahesabiwa. Watu wa jumuiya watasema kama walikuwa wakimwona.

Ninyi mnaotabasamu, mnajua ninachosema. Mtu aliyeko London au Chicago anaweza kujichagulia jina la imani yake kama anavyochagua kitabu cha kusoma, na jirani asijue. Hapa jina hilo limeshikwa na wengi: mama aliyekupeleka kubatizwa, msimamizi wako wa ubatizo, ukoo utakaokuzika. Ukilibadilisha, umewabadilishia na wao.

Mfano ulio wazi kuliko yote naujua kutoka Nairobi, Machi 1970. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimwalika mwandishi kijana ahutubie mkutano wake mkuu. Alikuwa akijulikana kwa jina la James Ngugi. Alisimama akaanza kwa kuwaambia waliomwalika kwamba yeye si mtu wa kanisa, na wala si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja alijitokeza mbele na fimbo yake, amejaa hasira, akamkemea kwa kukufuru, na akamkumbusha jambo moja: anawezaje kusema si Mkristo ilhali anaitwa James? Ngugi baadaye aliliacha jina hilo, na dunia ikamjua kama Ngugi wa Thiong'o.

Watu husimulia kisa hiki wakimcheka mzee. Mimi nadhani mzee aliona kitu. Alikuwa anasema kwamba jina ulilopewa mbele ya watu huwezi kulivua kwa hotuba. Lazima ulivue mbele ya watu hao hao, na ulipe. Ngugi alimwelewa, akalipa. Ila angalieni kwamba siku ile ukumbini palikuwa na nafasi mbili tu: James aliye Mkristo, au mtu aliyetoka. Hakuna aliyemuuliza Ngugi kama kuna nafasi ya tatu, na yeye hakuitaka. Mtu ninayemzungumzia leo anaitaka.

HOJA YA PILI: Majina yetu ya ndani yote yanapima joto

Kama mtu huyu hataki kutoka, basi atazame majina yaliyomo humu humu kanisani. Tuyataje. Kuna *aliyeokoka*. Kuna *Mkristo jina*. Kuna *vuguvugu*, tulilolitoa katika barua ya Ufunuo kwa kanisa la Laodikia na kulifanya tusi la kila wiki. Kuna *aliyerudi nyuma*. Kuna *aliyetengwa*, na kuna *aliyerudi kundini*, ambaye sisi Walutheri tunamsimamisha mbele ya usharika ili kila mtu amwone.

Yaweke majina haya katika mstari na utaona yanapima kitu kimoja: mtu anawaka kiasi gani. Mwenye shaka akipimwa kwa kipimo hicho ataangukia kwenye vuguvugu tu, hata kama shaka yake inamkosesha usingizi. Mimi nimekutana na wenye shaka wanaowaka kuliko mwinjilisti wa mkutano wa uwanjani. Hawana pa kuandikwa.

Kipimo hiki kina historia, na ni historia ya heshima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Miaka ya 1930 uamsho ulianzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukavuka kuingia Bukoba, na ukaenea Kenya. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na jina hilo wakati mwingine lilitamkwa kwa kejeli. Ndilo lililotupatia neno letu *mlokole*. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya uamsho huo. Viongozi wa chuo waliwaona ni wasumbufu. Leo maaskofu wengi wa ukanda huu ni watoto au wajukuu wa kiroho wa wale wasumbufu. Hivyo jina la kejeli likawa jina la fahari. Si ajabu: Kitabu cha Matendo kinatuambia hata neno *Wakristo* lilianzia Antiokia, na haionekani kwamba walijiita hivyo wenyewe. Wamethodisti nao walipewa jina lao na wanafunzi wa Oxford waliokuwa wakiwacheka.

Uamsho ulituletea zawadi kubwa: watu waliungama hadharani. Mzungu aliungama mbele ya Mwafrika, mume mbele ya mke, aliyeiba akarudisha. Lakini ulituletea pia namna ya kusema ambayo haijatuachia mpaka leo, nayo ni ushuhuda. Sikilizeni ushuhuda wowote. Una nyakati mbili tu. *Nilikuwa* mlevi, sasa Bwana ameniokoa. *Nilikuwa* mgonjwa, sasa mzima. Hata shaka inaruhusiwa, mradi iwe katika *nilikuwa*. Mtu akisimama na kusema, "Ndugu zangu, nilikuwa na shaka, na leo ninayo, na nimekuja," kiongozi wa ibada atamwekea mikono amwombee. Kwa upendo kabisa. Na yule mtu hatasimama tena.

(Mwenyekiti anacheka. Mwenyekiti amewahi kuongoza ibada za namna hiyo.)

Matokeo yake tunayaona kwa vijana. Kijana wa kipaimara akiuliza swali gumu, tunamjibu haraka ili alimalize. Akiuliza la pili, tunamwita mama yake. La tatu hatuulizwi. Ameshapata chuo Dar es Salaam au Nairobi, na huko hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwa na maswali. Tunamwandika "amerudi nyuma". Hakurudi popote. Alisimama mahali pasipokuwa na jina.

HOJA YA TATU: Majina ya kuazima

Basi aazime. Ulaya na Marekani wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu, na majina yao yamo vitabuni.

La kwanza ni *Mkristo agnostiki*. Neno agnostiki lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mwanabaiolojia Mwingereza, aliyechoka kuwa kati ya watu wenye majina wakati yeye hana. Alitaka neno la mtu asiyedai kujua asichoweza kukijua. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1965, mchungaji Mmethodisti, Leslie Weatherhead, aliandika kitabu alichokiita kwa jina la Mkristo agnostiki. Alikuwa amehubiri miaka mingi City Temple, London, hekalu lililobomolewa na mabomu ya vita mwaka 1941, na aliijua mioyo ya watu wa mjini. Ushauri wake ulikuwa wa kiutendaji: fundisho usiloweza kulikubali usilikane, liweke kando akilini mwako pamoja na mengine yanayosubiri mwanga zaidi, uendelee kumfuata Kristo kwa yale unayoyaweza.

Napenda ushauri huo. Jina silipendi, na nitaeleza. Huxley alibuni neno la kujitenga na kanisa, na neno hilo halijasahau lilikozaliwa. Ukilifunga pamoja na *Mkristo*, unapata watu wawili ndani ya koti moja, kila mmoja akivuta mkono wake. Zaidi ya hayo, linaifanya shaka kuwa msimamo wa elimu: najua, sijui. Mwenye shaka wa kwetu mara chache anahangaika na kiasi cha ujuzi wake. Anahangaika na mtoto aliyemwombea akafa.

La pili ni kundi la majina yaliyozuka baada ya mwaka 1963, pale John Robinson, Askofu wa Woolwich, alipotoa kitabu chake kidogo, *Honest to God*, kikauzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Alisema tuiache picha ya Mungu aliye juu ya mawingu, akimtegemea mwanatheolojia Paul Tillich, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameandika kwamba shaka ni sehemu ya imani yenyewe. Mwaka huo huo wa 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini mwetu yaliungana kuwa KKKT. Natamani mtu aandike siku moja historia ya mwaka huo akiyaweka mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja. Kule askofu anauliza Mungu yuko wapi; huku wazee wanajadili katiba, mipaka na magari. Wote walikuwa wanajenga kanisa.

Kutokana na mjadala ule watu wakajiita Wakristo huru, Wakristo wa kisasa, na siku hizi kule Marekani Wakristo wa kimaendeleo. Jaribuni kusema jina hilo hapa. Mkristo wa maendeleo, kwetu, ni yule aliyechanga bati za zahanati. Na ukisema *Mkristo wa mageuzi*, watu wa rika langu watakuuliza kama una kadi ya chama cha NCCR-Mageuzi.

La tatu ni *mtafutaji*. Hili lina ukoo. Uingereza ya karne ya 17 kulikuwa na watu walioitwa Watafutaji, waliokaa wakingoja kwa sababu hawakuliona kanisa la kweli popote. Wengi wao waliingia katika kundi la George Fox, tunaowaita Waquaker au Marafiki, ambao waliiacha imani ya kukiri kwa maneno na kukaa kimya wakisubiri. Mpaka leo, katika mikutano yao ya London, unaweza kukuta mtu asiye na hakika kama kuna Mungu, na hakuna anayemfukuza.

Sasa vukeni mpaka mwende Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifika mwaka 1902. Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ingieni katika Kanisa la Marafiki Jumapili. Kuna mchungaji, kuna kwaya, kuna mahubiri ya saa nzima, na hakuna ukimya wa kuzungumzia. Ni watu wema sana. Ila mwenye shaka akienda pale kwa sababu alisoma habari za Waquaker wa London, atashangaa. Jina ni lile lile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni watu wanaoliitikia. Hivyo anayetaka kuazima jina lazima aulize litaitikiwa na nani hapa atakapolitumia, na hili la mtafutaji, kwa bahati mbaya, litaitikiwa na mhubiri wa kanisa la jirani atakayedhani umepotea na unatafuta njia ya kwenda kwake.

HOJA YA NNE: Kwamba shaka ni ya Wazungu

Najua swali linalosubiri, na nalitaja mimi kabla halijaulizwa. Kuna atakayesema: mwalimu, haya ni matatizo ya watu walioshiba. Mwafrika hana shaka na Mungu.

Kauli hiyo ina baba msomi. John Mbiti, Mkenya na kasisi wa Anglikana, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliwaeleza Waafrika kuwa watu wa dini kupita kiasi, dini ikijaa katika kila pembe ya maisha yao. Alikuwa anawajibu Wazungu waliosema hatuna dini kabisa, na jibu lilihitajika. Lakini mwaka uliofuata Okot p'Bitek wa Uganda alitoa kitabu cha kuwakaripia wasomi, wa nje na wa kwetu, kwamba wanaivalisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa seminari. Ugomvi huo haujaisha. Mimi nauchukulia hivi: Mbiti alieleza ibada ilivyoenea. Hakupima hakika ya anayeabudu.

Na hakika hiyo haikuwahi kuwa kamili. Katika utafiti wa mwanaanthropolojia Evans-Pritchard juu ya Wazande, uliochapishwa mwaka 1937, watu wanaulizia jambo kwa sumu waliyompa kuku, kisha wanarudia kwa kuku wa pili kuhakikisha jibu, na wengi wanaamini kwamba waganga kadhaa wanaowajua ni waongo. Hiyo si dini isiyo na shaka. Ni dini iliyoiwekea shaka utaratibu. Hapa kwetu nani asiyejua familia iliyokwenda kwa mganga wa pili kumhakiki wa kwanza?

Fasihi yetu nayo imelisema. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi, alitupatia mwaka 1974 riwaya ya *Kichwamaji*, na ndani yake Kazimoto, msomi anayeulizia maana ya maisha mpaka anajiua. Wapo waliosema Kezilahabi alikuwa ameiga Wafaransa. Huenda alisoma vitabu vyao. Kifo cha Kazimoto, hata hivyo, kinatokea kwetu, katika familia tunayoifahamu.

Na kuna historia nyingine, ninayoipenda zaidi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na mapadre Wakatoliki mwaka 1879. Kabaka Mutesa aliwaweka barazani, pamoja na Waislamu waliotangulia, akawauliza na kuwapambanisha mwaka hadi mwaka. Alikuwa ameshafunga Ramadhani, alikuwa ameshajifunza Injili. Alikufa mwaka 1884 bila kubatizwa. Wamisionari walimwona kigeugeu, na siasa ilikuwamo, sikatai. Lakini sasa tazameni wale vijana wa ikulu waliofuata mafundisho, ambao baadhi yao walikuja kuchomwa moto Namugongo mwaka 1886. Waganda waliwaitaje? *Abasomi*. Wasomaji. Kule Ugikuyu pia, kizazi kilichofuata, watu wa misheni waliitwa *athomi*, wenye kusoma.

Majina ya mwanzo kabisa ya Wakristo katika nchi hizi, basi, hayakutaja kiasi cha imani ya mtu. Yalitaja alichokuwa akikifanya na wenzake: wamekaa, wana kitabu, wanasoma. Mtu aliweza kuwa msomaji siku ya kwanza, akiwa hajaamini neno hata moja, na aliweza kuwa msomaji siku ya kuuawa.

HOJA YA TANO: Jina litokane na ushirika

Nimefika ninapotaka kufika. Ukiacha hilo la wasomaji, kosa la majina yote niliyoyataja, ya kwetu na ya kuazima, ni kwamba yanachukua hali ya moyo na kuifanya nomino. Hali ya moyo hubadilika kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Nomino ya mtu inatakiwa itokane na jambo linalodumu, na shaka ikae pale inapostahili, kama sifa inayofuata nyuma. Mimi napendekeza *msharika*. Msharika mwenye maswali.

Mnacheka kwa sababu ni neno la daftari la mhazini. Ndiyo uzuri wake. Magazeti hutuita *waumini*, yaani wanaoamini, na mwenye shaka analisoma neno hilo akajiuliza kama yumo. Msharika hamuulizi mtu anaamini kiasi gani, linasema anashiriki. Ndugu zetu wa TAG na makanisa mengine ya Kipentekoste wanasema *mshirika*, na jambo ni lile lile. Wakatoliki mna *mwanajumuiya*. Neno lipo katika nyumba zote, na halijawahi kuwa tusi katika yoyote.

Msingi wake wa kimaandiko ni mwisho wa Injili ya Mathayo. Wale kumi na mmoja wanapanda mlimani Galilaya, wanamwona Bwana, wanamsujudia, na Mathayo anaongeza kwa maneno machache sana kwamba baadhi waliona shaka. Kisha inatoka amri kuu ya kwenda kwa mataifa yote, na inatolewa kwa wote. Hakuna aliyetengwa pembeni ashughulikiwe kwanza. Wahubiri wa umisheni husoma aya zinazofuata kwa sauti kubwa na kuipita hiyo kwa mbio.

Msingi wake wa Kilutheri ni ubatizo. Luther, aliyepigwa na majaribu ya roho maisha yake yote, alifundisha katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 kwamba imani yangu haiufanyi ubatizo kuwa ubatizo. Imani huupokea tu. Maana yake, lililo hakika liko nje yangu, lilifanywa na wengine mbele ya wengine. Siku ambayo moyoni hamna kitu, bado nimebatizwa.

Na kwa Wakatoliki nina mfano nisioweza kuuacha. Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997. Miaka kumi baadaye barua zake zilichapishwa, na dunia ikasoma kwamba kwa karibu nusu karne, ukiacha muda mfupi, hakuuhisi uwepo wa Mungu. Alisali akakutana na giza. Wapo waliosema alikuwa mnafiki. Kanisa lake lilisoma barua hizo hizo na mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu. Miaka yote ile alihudhuria Misa, alikomunika, alisafisha vidonda. Alishiriki. Kama angedaiwa jina linalopima joto lake, angeandikwa nini?

Pingamizi zipo, nami nitajibu moja iliyo na uzito. Je, huyu msharika mwenye maswali atakirije imani Jumapili? Imani ya Mitume tunaitamka kila mtu kwa nafsi yake: mimi naamini. Wakatoliki nao wana Nasadiki. Je, hasemi uongo? Nijibu kwa historia. Maungamo ya Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, yalipoandikwa kwa Kigiriki yalianza kwa wingi: tunaamini. Katika maungamo hayo, umoja wa "naamini" ulikuja baadaye kwa matumizi ya ibada. Maaskofu wa Nikea walikuwa wanataja imani ya kanisa, na kila mmoja alisimama ndani ya wingi ule. Mwenye shaka anaposimama na usharika wake kusema maneno yale, anabebwa na sauti za jirani siku ambazo yeye hana hakika, na siku nyingine yeye ndiye anayembeba jirani. Swali hilo kwa upande wa uongo namwachia Profesa wa Maadili, aliyepo hapa na ambaye najua hakubaliani nami.

Sasa, tufanye nini kuanzia mwaka ujao? Napendekeza mambo matatu kwa halmashauri za sharika, nanyi mtayarekebisha.

Madarasa ya kipaimara yawe na kipindi ambacho mwanafunzi anauliza na mwalimu haruhusiwi kujibu siku hiyo. Ayaandike maswali, arudi nayo wiki inayofuata, na kama hana jibu aseme hana. Ibada za ushuhuda zifungue wakati wa tatu wa kitenzi, ili mtu aweze kusema yaliyopo yangali yapo, na asiwekewe mikono mpaka aombe mwenyewe. Na wazee wa kanisa, tafadhalini, mnapofungua daftari msibani, andikeni mapema katika kanuni zenu kwamba maswali ya marehemu, hata yale aliyoyasema hadharani, si sababu ya kumnyima ibada ya mazishi aliyeshiriki nanyi. Hili la tatu lina haraka. Mawili ya kwanza yanaweza kusubiri mkutano mkuu wa dayosisi, misiba haisubiri.

Dada wa safu ya nne ameinua mkono tangu nilipowataja Waquaker. Mwenyekiti, naomba tuanze na yeye.